Mpishi wa Chumba cha Mifupa

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza asubuhi na daftari nimepewa mchana, kwa hiyo nayaanza yote mawili siku moja. Daftari lina nembo ya chuo kwenye jalada. Tumepewa sisi wafanyakazi wa jengo la zamani, mfagiaji, fundi bomba, askari wa getini na mimi, tuandike lolote tunalolikumbuka au tulilolisikia kwa wazee wetu kuhusu zamani za chuo, kisha tulirudishe mwisho wa muhula. Aliyetugawia ni mwalimu wa historia, mwenyekiti wa kamati inayochunguza "uhusiano wa chuo chetu na utumwa". Ana miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na mara nyingi huitafuta ile ya kichwani mezani. Humu nitamwita Miwani.

Askari wa getini ameandika mstari mmoja, "Mavi ya kale hayanuki," akarudisha daftari lake papo hapo. Anasema kazi yake kwenye historia imekwisha.

Mimi ni mhudumu wa chumba cha mifupa, mwaka wa ishirini na tisa huu. Muhula ukiisha nastaafu. Ninachokikumbuka zaidi ni vumbi.

Ijumaa, 8 Machi

Ijumaa ni siku ya kumfuta vumbi Profesa. Ndivyo wanafunzi wa udaktari walivyomwita tangu zamani, yule anayening'inia kwenye kabati la vioo kwa waya na ndoano. Wengine wote chumbani ni wa plastiki, wameletwa ndani ya maboksi. Yeye ndiye mifupa ya mtu kweli, imekuwa ya kahawia kama chai ya maziwa. Wanafunzi wapya wakiingia humpa mkono na kumwambia, "Shikamoo, Profesa." Mimi wananiita mke wake. Nami huwajibu kwamba nimepata mume asiyekoroma wala kuomba chakula, wao je?

Kazi hii aliifanya baba yangu kabla yangu, na bibi yangu kabla ya baba. Baba alikuwa akisema, "Sisi ni watu wa chuo," na kifua mbele. Alinifundisha mambo mawili siku ya kwanza. La kwanza, kitambaa kiwe kikavu. La pili, viatu vivuliwe mlangoni. "Sakafu hii haitaki matope," alisema. Mpaka leo naingia pekupeku, na walimu wananicheka.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Dari la stoo linavuja. Nimeweka ndoo mbili.

Ijumaa, 15 Machi

Miwani ametuita, akatusomea wasia wa Mwanzilishi wa chuo, yule ambaye sanamu yake iko mbele ya maktaba. Amekiachia chuo kiwanja, nyumba, meza za mninga kumi na mbili, na baada ya meza wanafuata watu. Mpishi mmoja. Wachota maji wawili. Mfua nguo pamoja na mtoto wake. Hakuna jina hata moja. Meza angalau zimetajwa mti wake.

Utumwa ulipopigwa marufuku, anasema Miwani, watu hawa hawakuwa na pa kwenda. Chuo kikawapa vyumba nyuma ya jiko, wakaendelea na kazi zilezile. Vyumba hivyo ndivyo nyumba za nyuma, nilikozaliwa mimi, kabla havijavunjwa ili wakuu wapate pa kuegesha magari.

Fundi bomba akanigeukia. "Kumbe dada ni mali ya chuo tangu enzi."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nimefika nyumbani sijaweza kula. Kile kifua cha baba, "sisi ni watu wa chuo," kinanirudia kila nikimeza.

Jumatano, 20 Machi

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Ndoo nne.

Ijumaa, 22 Machi

Miwani amekuja chumbani kwangu na barua ndani ya bahasha ya plastiki. Iliandikwa na mwalimu wa kwanza wa anatomia kwenda kwa mjane wa Mwanzilishi. Amenisomea taratibu, akiwa amesimama mbele ya kabati. Yule mwalimu anamshukuru mama huyo kwa kukiachia chuo mwili wa mpishi aliyekuwa wake zamani. Anasema mifupa imetoka safi, imefungwa waya vizuri, na wanafunzi wamefurahi. Kisha anasema: "Alitutumikia akiwa hai, na atatutumikia akiwa amekufa."

Nilikuwa na kitambaa mkononi. Nilikiangalia kitambaa, sikujua nikiweke wapi.

"Ni yeye?" nikauliza.

"Chuo hakikuwahi kuwa na mwingine wa mifupa halisi. Ni yeye." Akavua miwani. "Tatizo ni jina, dada. Barua inasema 'mpishi' tu. Tukipata jina, tutatafuta ukoo wake, tuwakabidhi wamzike. Bila jina hatuna wa kumkabidhi. Zamani walizoea kuandika kwenye mfupa kwa wino. Hukuwahi kuona maandishi mahali? Mgongoni, begani?"

Nimemjibu, "Sikuwahi kuona."

Nimesema hivyo kwa sauti kavu, bila kupepesa jicho. Hata mimi nimejishangaa.

Jumatatu, 25 Machi

Nimekaa na jambo hili siku tatu na linanitafuna. Kama daftari hili nitawarudishia au nitalitia jikoni, nitaamua baadaye. Leo acha niandike.

Maandishi yalikuwepo. Yalikuwa upande wa nyuma wa bapa la bega la kushoto, mfupa ule mpana kama mwiko. Wino mweusi, mistari miwili, wa kwanza mfupi, wa pili mrefu.

Nilikuwa na miezi mitatu kazini. Mkuu wa idara wa wakati ule, ambaye picha yake sasa imetundikwa ukumbini na ua limewekwa chini yake, aliingia siku moja kabla ya mtihani. Akasema mifupa ina uchafu, inawachanganya wanafunzi. Kila mfupa ubaki na namba yake tu, mengine yote yatoke. Nami nilikuwa mgeni kazini, nataka nionekane hodari. Nikachukua spiriti na msasa laini. Namba niliziandika upya kwa mwandiko wangu, maana mwandiko wangu ni mzuri, mpaka leo lebo zote za jengo hili naandika mimi. Maandishi ya begani yalikuwa magumu kutoka. Wino ulikuwa umeingia ndani. Nilisugua mpaka mkono ukauma, nikapuliza unga, mfupa ukawa mweupe safi. Niliyasoma yale maandishi kabla ya kuyafuta, lazima niliyasoma, macho nilikuwa nayo. Lakini hayakuwa na maana kwangu, yakapita kama tangazo la duka.

Jioni nikamsimulia baba, ambaye alikuwa amestaafu na ameanza kuugua. Nilisimulia kwa kujisifu. Akaacha kutafuna.

"Na la begani?"

"Hilo ndilo lililonitoa jasho."

"Umemfuta?" akauliza.

Hakusema "umelifuta". Nilidhani ni ugonjwa. Akanawa mikono, akaenda kulala, na hakuniuliza tena habari za kazi mpaka tunamzika, miezi tisa baadaye. Miaka yote hii nilijua alinuna kwa kuwa niliibadilisha kazi yake.

Alhamisi, 28 Machi

Ndoo sita. Fundi bomba amepanda juu, ameshuka, amesema paa limekufa. Tulijua.

Jumanne, 2 Aprili

Leo nimemwambia mama. Ana miaka themanini na minne, masikio yake ni mazima na ulimi wake ni mzima zaidi. Alikuwa anachambua mchele. Nikamweleza barua, mpishi, swali la Miwani. Hakuinua kichwa mpaka nilipofika kwenye swali.

"Wameuliza wenyewe?"

"Wameuliza."

"Kwa midomo yao?"

"Kwa mdomo wa mwenyekiti, mama."

Akaweka ungo chini. Akasema, "Mficha uchi hazai. Nami nimeficha mpaka nimezeeka." Kisha akaniambia jina.

Nanukuu kila kitu humu isipokuwa hilo. Karatasi zenye nembo hii ziliwahi kumtaja pamoja na meza, na mimi mwenyewe niliwahi kulishika jina lake nikalisugua. Sitaliandika humu.

Ni babu yake babu yake baba yangu. Alikuwa mpishi. Alipokufa walimwambia mkewe kwamba amezikwa. Mke alipata ukweli baada ya mwaka, alipotumwa kupiga deki darasani akamkuta amesimama ndani ya kabati. Alimjua kwa meno ya mbele, moja limepanda juu ya mwenzake. Hakulia, mama anasema, kwa sababu mwalimu alikuwemo. Akavua viatu, akapiga deki. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyeingia chumba kile na viatu, na hakikukosa mtu wetu ndani yake.

"Baba yako aliitwa kazi ya reli," mama akasema. "Mshahara mara mbili, na nyumba. Nililia machozi ili aende. Akaniambia, 'Nikienda, nani atabaki naye?'"

"Mbona hakuniambia?"

"Angekuambia ukitimiza mwaka. Aliogopa ukijua mapema utakimbia. Na marehemu mama yake alimwachia neno: lisisemwe nje mpaka watakapouliza wenyewe, maana ukiwaambia wasiouliza watakucheka." Akauvuta ungo karibu. "Siku ile ulipofuta alilia, mwanangu. Alisema, 'Mtoto hakukosa. Aliyenyamaza ni mimi.'"

Miaka ishirini na minane mama amelibeba neno hilo peke yake ili mimi nilale. Nimemlalia mapajani kama mtoto, mwanamke mwenye mvi kama mimi, na amenichezea nywele. Nje mvua ilikuwa inapiga bati hata ungetaka kusema usingesikika.

Miaka yote hiyo naitwa mke wake. Nami naitikia.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimepiga moyo konde, nimemweleza Miwani yote. Jina, meno, viatu, msasa, na aliyeniamuru. Kwanza amefurahi mpaka amesimama. Tumekwenda kabatini pamoja, akaangalia meno. Moja limepanda juu ya mwenzake. Kisha akageuza bapa la bega, akapitisha kidole pale peupe, na uso ukamshuka.

"Dada, ninakuamini. Lakini kamati ina wanasheria. Watasema meno mmeyaona kila siku kwa miaka. Maneno ya mama na maandishi ya mfupa yangeshikana mkono, hakuna ambaye angeyaachanisha. Sasa tumebaki na mkono mmoja."

"Mwingine nimeukata mimi."

Hakunibishia. Afadhali angenibishia kidogo.

Jumanne, 9 Aprili

Nimekumbuka kitu! Wanafunzi wa zamani walilazimishwa kuchora. Kila mmoja alichora mifupa ya Profesa kwa penseli, mbele na nyuma, na michoro ilitunzwa. Ipo stoo. Stoo ile ile.

Alhamisi, 11 Aprili

Maboksi arobaini na moja. Mengine yakishikwa yanabomoka kama mkate uliolowa. Miwani amekuja kunisaidia na amevaa suruali nyeupe, maskini.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo maboksi tisa. Mafuvu, mafuvu, mafuvu. Kila mwanafunzi alipenda kuchora fuvu. Bega hakuna aliyelipenda.

Jumatatu, 15 Aprili

Kifua kimebana kwa ukungu. Mama amenikanda mgongo na kunikataza kurudi. Nitarudi.

Jumatano, 17 Aprili

Boksi la thelathini na tatu. Lilikuwa chini kabisa, sehemu ya juu imeoza, ya chini ni kavu. Mwanafunzi wa zamani sana, mchoraji hodari. Bapa la bega la kushoto, kwa nyuma. Kila tundu amelichora, kila ufa, hata kivuli cha ndoano. Nilipoona kwamba kwenye ubapa kuna kitu cheusi, nilikaa pale pale kwenye maji. Nikamwita Miwani. Akabadilisha miwani mara mbili.

Mwanafunzi hakuandika maneno. Alichora mawimbi. Mistari miwili ya mawimbi, kama mtoto anavyochora maji, ili kuonyesha kwamba hapa pana maandishi. Wa kwanza mfupi, wa pili mrefu.

Nilikumbuka sawasawa, basi. Mtu aliyechora kila tundu la mfupa hakuona haja ya kusoma jina. Nilitaka kumtukana, kisha nikakumbuka kwamba mimi nililisoma.

Miwani alikaa kando yangu humo humo majini na suruali yake. Akasema mchoro unathibitisha kwamba maandishi yalikuwepo. Nikamwambia ndiyo, na kwamba nimeyafuta. Akasema hakumaanisha hivyo. Najua hakumaanisha.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 26 Aprili

Rasimu ya ripoti imetoka. Kurasa mia na kumi na mbili. Nimeisoma yote, nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitainuka.

Inaanza na majuto makubwa, yenye maneno mazuri. Inaomba radhi kwa "wote walioathirika". Mwanzilishi anaitwa "mtu wa zama zake". Aliyeiandika barua ile anaitwa "mwalimu wa awali". Ukurasa wa themanini na saba ndio wangu. "Alama ya utambulisho iliyokuwepo kwenye mifupa ilifutwa na mhudumu wa chumba, na hivyo kuinyima kamati ushahidi muhimu." Mkuu wa idara aliyeniamuru hayumo. Nimetafuta. Jina la babu halimo pia. Kuna tanbihi inasema ipo "simulizi ya familia ambayo haikuweza kuthibitishwa".

Kwa hiyo katika kurasa mia na kumi na mbili za utumwa, mkosaji aliyepatikana ni mmoja, na ni mjukuu wa mtumwa mwenyewe. Nimecheka peke yangu mpaka mfagiaji akachungulia.

Azimio ni kwamba mifupa iondolewe darasani kwa heshima, iwekwe kwenye sanduku la mbao na kuhifadhiwa stoo hadi utafiti zaidi. Stoo, chini ya ndoo zangu.

Nimemwendea Miwani. Amesema alipigania babu azikwe na alishindwa kura saba kwa mbili. Amesema na jina la mkuu wa idara aliliweka, likatolewa. Macho yake yalikuwa mekundu. Nimemwambia, "Mwalimu, mwenye nguvu mpishe, lakini wewe umempisha mpaka umeingia mtaroni."

Ijumaa, 3 Mei

Mvua imekata kidogo. Mama amesema, "Nipeleke."

Hajakanyaga chuoni tangu walipovunja nyumba za nyuma. Tumekwenda polepole na fimbo yake. Getini askari alitaka kitambulisho. Mama akamwambia, "Kitambulisho changu mmekitundika ndani." Askari akafungua.

Miwani alikuwa chumbani anahesabu mifupa kwa ajili ya sanduku. Mama alisimama mlangoni, akainama kuvua viatu. Ilichukua muda, na alinikataza nisimshike. Miwani alitutazama miguu, sote wawili, kisha akatazama ya kwake. Akavua viatu pale pale. Soksi yake ina tundu kwenye kidole gumba.

Mama akasogea hadi kabatini. Nilidhani atalia, au ataongea sana kama kawaida yake. Akasema, "Shikamoo, babu," akangoja, kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Kisha akamwita kwa jina lake. Halafu akamtajia watu, mmoja mmoja, mkewe, watoto, wajukuu, akishuka hadi kwa baba yangu, na baada ya baba akanitaja mimi. Akasema, "Huyu ndiye aliyekufuta. Hakujua. Ameshajua."

Mimi ndiye niliyelia. Miwani alikuwa ametoa kalamu. Mama akamwona.

"Iweke chini, mwanangu. Mlikuwa na miaka mingi ya kuandika. Leo sikiliza tu."

Akaiweka chini.

Jumanne, 7 Mei

Nimemshusha kwenye ndoano. Nimekata waya zote, sikutaka aingie sandukuni amefungwa. Kazi ya siku nzima. Mkono wake ukitoka kwenye waya ni mdogo kuliko nilivyodhani. Nimemfunga kwenye shuka ya mama, ile nyeupe aliyokuwa amejiwekea mwenyewe kwa siku yake. Nilimkatalia akasema atanunuliwa nyingine, haendi leo.

Ijumaa, 10 Mei

Siku yangu ya mwisho kazini. Mvua imerudi.

Asubuhi Miwani alileta karatasi ya maneno ya kuandika kwenye sanduku, maana lebo ni kazi yangu mpaka saa kumi. Siku hizi na yeye huvua viatu akiingia. Kuvua viatu hakuhitaji kura. Karatasi ilisema, "Mtu asiyejulikana. Mwanamume. Mali ya chuo."

Nikaikunja nikaiweka mfukoni. Nikachukua brashi ndogo na wino mweusi ule usiotoka kwa maji, nikaandika juu ya mfuniko. Mstari wa kwanza mfupi, ni jina lake. Wa pili mrefu: alikuwa mpishi, ana watu wake, na watu wake hawakuondoka. Ni mwandiko wangu mzuri kuliko yote.

Miwani aliporudi alisoma mara mbili, kwa miwani zote mbili.

"Dada," akasema, taratibu. "Kamati inakuja saa nane kulifunga sanduku kwa lakiri. Hawataipokea hivi. Nakuomba ufute, uandike ile waliyoipitisha. Jina tutalipigania baadaye, nakuahidi."

Nikaenda kabatini. Nikatoa chupa ya spiriti, kitambaa kikavu na kipande cha msasa laini. Nikaviweka juu ya sanduku, kando ya jina.

"Mimi nilishafuta mara moja," nikamwambia. "Safari hii futa wewe."

Akachukua kitambaa. Alisimama nacho, na soksi yake yenye tundu, na ndoo za stoo zinasikika zikidondokewa mlango wa pili. Sikumwangalia usoni, nisije nikamsaidia kuamua. Nilikwenda mlangoni nikavaa viatu vyangu, nikafunga kamba zote mbili, taratibu, kama mtu asiye na pa kuwahi. Nilipoinuka alikuwa bado amesimama, na chupa ilikuwa bado imefungwa.

Daftari siwarudishii.